Karatasi 21 za Mwalimu: shajara ya kutafuta mkono uliochora

Jioni ya 1

Bahasha ya kadibodi, kubwa kama meza ndogo, imefungwa kwa kamba ya kiatu. Ndani yake zimo karatasi 21, zote nyeusi kwa nyeupe, isipokuwa moja ambayo wino wake umeelekea rangi ya kahawa. Mwenyewe ni mwalimu aliyenifundisha kushika penseli. Alinikabidhi akiwa amekaa, mkono mmoja bado uko juu ya bahasha.

"Mwanangu, watoto wanataka kujua hizi ni pesa au ni takataka. Mimi najua ni nzuri, lakini uzuri hawaugawani."

"Nitaziangalia, Mwalimu. Nipe mwezi."

"Chukua miwili. Usiziweke karibu na chai."

Juu ya bahasha kuna maandishi yake ya zamani: *Rembrandt, na mtindo wake*. Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nikubali kazi hii, na nahisi ndiyo yatakayonitesa. Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, alizaliwa Leiden mwaka 1606 na kufariki Amsterdam mwaka 1669. Katika maisha yake alichora kwenye mabamba ya shaba picha zipatazo 300, na kila bamba likatoa chapa nyingi. Watu walianza kumwiga akiwa hai, na hadi leo hawajaacha. Kwa hiyo "mtindo wake" unaweza kuwa mwanafunzi aliyekaa chumba kimoja naye, au mtu wa juzi mwenye skana.

Leo sikukisia chochote. Nilipiga picha kila karatasi mbele na nyuma, nikaiweka kila moja katikati ya karatasi safi, nikafungua lahajedwali. Safu zake: namba, vipimo vya karatasi, vipimo vya alama ya bamba, aina ya karatasi, aina ya mstari, kilichopo nyuma, hali, dhana yangu, thamani. Safu ya thamani nimeificha. Ikiwa wazi macho yanakimbilia huko, halafu mikono inaanza kupima kwa matumaini.

Jioni ya 2

Hii ilikuwa rahisi. Lenzi ya kukuza mara 10, taa ya meza, na subira ya nusu saa. Karatasi tisa, ukizitazama kwa lenzi, mistari yake inavunjika na kuwa vitone vilivyopangwa safu kwa safu, kama kitambaa kilichofumwa. Vitone vya namna hiyo ni vya kiwanda cha uchapishaji. Picha imepigwa kwa kamera kupitia wavu, kisha ikachapwa kama picha ya gazeti. Utaratibu huo ulienea kuanzia miaka ya 1880, kwa hiyo hakuna cha kujadili. Nyuma ya tatu kati ya hizo kuna hata maandishi ya ukurasa wa kitabu, na Mwalimu hakuwahi kuyaficha.

Tisa nje, kumi na mbili zimebaki. Nilifurahi kwa kasi hii, na nilikosea kufurahi.

Jioni ya 3

Kabla ya kuendelea nilijikalisha chini nikajikumbusha jinsi chapa ya aina hii inavyotengenezwa. Bila hilo lenzi ni kioo tu.

Bamba la shaba linapakwa nta. Mchoraji anakwaruza nta kwa sindano, kwa wepesi ule ule wa kuchora kwenye karatasi, bila kuigusa shaba yenyewe. Bamba linatumbukizwa kwenye tindikali, tindikali inakula shaba pale tu nta ilipoondolewa. Nta inasafishwa, wino unasukumwa ndani ya mifereji, uso wa bamba unapanguswa, karatasi yenye unyevu inalazwa juu, vyote vinapita chini ya mtambo wa kukandamiza. Karatasi inazama mferejini kufuata wino. Ndiyo maana kwenye chapa ya kweli wino unasimama kidogo juu ya karatasi, na ukingo wa bamba unaacha bonde dogo kuzunguka picha.

Mstari ulioliwa na tindikali una ncha butu, na upana wake haubadiliki sana. Mstari uliochongwa moja kwa moja kwenye shaba kwa kisu cha kusukuma unaanza mwembamba, unanenepa, unamalizika kwa ncha kali kama mkia wa panya. Kuna njia ya tatu ambayo Rembrandt aliipenda kadiri alivyozeeka, nayo ni kukwaruza shaba kwa sindano bila tindikali. Sindano inainua vinyuzi vya shaba pembeni mwa mstari kama jembe linavyoinua udongo, na vinyuzi hivyo vinashika wino. Chapa inatoka na weusi laini wenye manyoya, kama mahameli. Vinyuzi hivyo ni dhaifu. Baada ya chapa makumi machache mtambo umeshavilaza, na weusi ule haurudi tena. Nimeliandika hili kwa herufi kubwa juu ya lahajedwali: WEUSI WA MAHAMELI HAUDUMU.

Jioni ya 5

Namba 4. Miti mitatu juu ya kilima kidogo, anga imejaa dhoruba, mvua inakatiza kona ya kushoto kwa mistari mirefu iliyonyooka. Kila anayeijua sanaa hii anaitambua: *Miti Mitatu*, ya mwaka 1643. Ukiangalia kwa makini kuna mvuvi na mwenzake ukingoni mwa maji upande wa kushoto, na ndani ya kichaka upande wa kulia kuna wapenzi wawili waliojificha gizani kiasi kwamba mtu anaweza kuishi na picha hii miaka kumi asiwaone.

Nilipitisha kidole kwa mbali, bila kugusa, nikiwa nimeweka taa pembeni kabisa ili mwanga utambae juu ya karatasi. Wino umesimama. Bonde la bamba lipo. Nilipima: sentimita 21 na kidogo kwa karibu 28, sawa na vipimo vya bamba vilivyoandikwa kwenye katalogi ya chapa zake. Nikalinganisha na picha za bure za Rijksmuseum, makumbusho ya Amsterdam, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Zinalingana zote. Hakuna vitone.

Nakiri kwamba nilisimama. Nilizunguka chumba. Safu ya thamani niliifunua kwa dakika moja hivi, nikaifunika tena kwa aibu.

Kisha nikageuza karatasi. Nyuma, kwenye kona, muhuri mdogo mwekundu uliofifia ambao siku ya kwanza niliupiga picha bila kuusoma.

Muhuri ni wa Amand-Durand, Mfaransa aliyeishi kati ya 1831 na 1905. Akishirikiana na Georges Duplessis, mtunza chapa wa maktaba ya taifa kule Paris, alipiga picha chapa bora za Rembrandt, Dürer na wengine, akahamisha picha hizo kwenye mabamba ya shaba kwa njia ya mwanga na tindikali, akazirekebisha kwa mkono, akazichapa kwa mtambo ule ule wa kukandamiza. Kwa hiyo wino unasimama, bonde lipo, na hata kosa la sindano la Rembrandt limo, kwa sababu kamera haichagui. Hakuwa mlaghai. Aligonga muhuri kila moja ili asiyejua ajue. Walaghai ni waliokuja baadaye, wakaukwangua muhuri.

Nilirudi kwenye lenzi kuuliza jicho langu lilipitwa na nini. Lilipitwa na weusi. Kwenye chapa nzuri ya *Miti Mitatu*, vivuli vilivyo chini ya miti vina kina, mstari mmoja umezama kuliko mwenzake kwa sababu tindikali na sindano kavu, ile isiyohitaji tindikali, zilifanya kazi kwa zamu. Kwenye namba 4 mistari yote imezama kina kimoja. Inafanana na kwaya ambayo kila mtu anaimba kwa sauti sawa: maneno ni yale yale, wimbo umelala.

Nilipita tena kwenye zote 12 nikiwa na jicho hili jipya. Tano ni za namna hii, mbili kati yake zina muhuri, tatu hazina. Moja ya zile tatu ina sehemu ya nyuma iliyosuguliwa hadi karatasi imekuwa nyembamba, pale pale muhuri unapokaa kwa kawaida. Sitamwambia Mwalimu alidanganywa. Nitamwambia kilichopo.

Jioni ya 6

Jambo la kuaibisha, nimeandika kwa ufupi. Namba 11 ilikuwa imebandikwa kwenye kadibodi kwa utepe wa gundi. Nilidhani naweza kuinua kona kwa kucha. Utepe ulitoka na ngozi ya karatasi, eneo la ukubwa wa kidole gumba, nyuma tu, lakini limeharibika. Mtaalamu wa kutunza karatasi angefanya kazi ile kwa siku mbili na kifaa cha unyevu. Nimeliandika kwenye safu ya hali kwa maneno haya: "mchubuko nyuma, umesababishwa na mimi."

Jioni ya 8

Mwalimu alipiga simu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Zipo zilizo halisi?"

Nilishindwa kujibu ndiyo au hapana, na tangu hapo nimekuwa nikilizungusha hilo neno kichwani. Halisi. Kwa mchoro wa rangi neno linatosha, ni mkono wake au si mkono wake. Kwa chapa halitoshi, na sababu ni shaba. Mchoraji anakufa, shaba haifi.

Rembrandt alifilisika mwaka 1656. Mabamba yake mengi yaliingia mikononi mwa muuza chapa wa Amsterdam, Clement de Jonghe, na orodha ya mali yake ya mwaka 1679 inataja mabamba 74. Kutoka hapo yalipita kwa mikono mingine hadi Ufaransa kwa Claude-Henri Watelet, ambaye naye alikuwa akichora na hakuona ubaya kuyagusa. Watelet alipofariki mwaka 1786, mfanyabiashara Pierre-François Basan akayanunua, akaanza kuyachapa na kuyauza kama mkusanyo. Mwanawe akaendelea. Baadaye yakaja kwa Auguste Jean, kisha familia ya Bernard, kila mmoja akichapa, na kila bamba lilipochakaa mtu alikuwa tayari kulichonga upya ili vivuli virudi. Mwaka 1906 Alvin-Beaumont naye akachapa. Mwaka 1938 Mmarekani Robert Lee Humber akayanunua, yakakaa kimya kwa miongo kadhaa, na mwaka 1993 yakauzwa London na kutawanyika kwenye makumbusho na kwa watu binafsi.

Yaani kuna chapa zilizotoka kwenye shaba ile ile aliyoikwaruza Rembrandt, lakini zikapigwa miaka 100, 150, hata zaidi ya 230 baada ya kifo chake, na sehemu ya mistari inayoonekana ni ya mtu mwingine. Je, ni halisi? Bamba la *Chapa ya Guilder Mia*, picha yake maarufu ya Kristo akiponya wagonjwa, lilimfikia ofisa mmoja wa jeshi mwenye asili ya Ireland, William Baillie, ambaye mnamo 1775 alilichonga upya, akauza chapa zake, kisha akalikata bamba vipande vinne na kuchapa kila kipande peke yake. Shaba ni ya Rembrandt, na mkasi ni wa Baillie.

Kwa hiyo nimelifuta neno "halisi" kwenye lahajedwali yote na kuweka ngazi:

Chapa ya uhai wake, kutoka bamba lake. Chapa ya baada ya kifo, kutoka bamba lake, kabla halijachakaa sana. Chapa ya marehemu bamba (hili jina ni langu, Mwalimu alicheka), yaani bamba lake lililochoka na kurekebishwa na wengine. Nakala ya mkono, bamba la mtu mwingine aliyemfuata mstari kwa mstari. Nakala ya kamera yenye bamba. Ukurasa wa kitabu. Na pembeni ya ngazi, kitu tofauti kabisa: mchoro mpya uliobuniwa kwa namna yake, ambao yeye hakuwahi kuuchora popote.

Nyumba za mnada zina ngazi yao, na ni vizuri kuifahamu kabla ya kusoma katalogi yoyote. Jina tupu la msanii maana yake wanaamini ni yeye. "Inahusishwa na" maana yake pengine ni yeye. "Karakana ya" maana yake ilitoka chumbani mwake, labda chini ya jicho lake. "Duara la" ni mtu wa wakati wake aliyekuwa karibu naye. "Mfuasi wa" si lazima awe mwanafunzi wake. "Kwa namna ya" maana yake mtindo ni wake lakini kazi ni ya zama za baadaye. "Kwa kufuata" ni nakala ya kazi inayojulikana. Kila ukishuka neno moja, bei inashuka, mara nyingine inaporomoka. Muuzaji anayeandika "mtindo wa Rembrandt" hajasema uongo wowote, na wala hajakuambia lolote.

Jioni ya 10 na 11

Mbili zimenipa raha. Namba 2 ni ombaomba mlangoni: familia imesimama kizingitini, mzee wa nyumba anaweka sarafu kwenye kiganja cha mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Ya mwaka 1648. Namba 15 ni Rembrandt mwenyewe amevaa kofia, na nyuma yake mkewe Saskia, ya 1636, ndogo, haizidi sana kiganja changu.

Nilizielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Namba 2: karatasi ni laini, sawasawa, haina mistari ndani. Karatasi ya namna hiyo ilianza kutengenezwa Uingereza katika miaka ya 1750, kwa James Whatman. Rembrandt alikuwa ameshazikwa zaidi ya miaka 80. Swali limekwisha: si chapa ya uhai wake, hata kama mistari ingekuwa mizuri namna gani.

Namba 15 ilionyesha mistari. Mistari myembamba iliyobanana, na inayokatiza kila baada ya milimita 25 hivi, ile ya minyororo, alama za kichujio cha waya kilichochotea rojo la karatasi. Moyo ulianza tena. Lakini hapa ndipo mtu anapopotea. Karatasi isiyo na mistari inakataa zama za Rembrandt, ilhali karatasi yenye mistari haithibitishi zama zake, kwa sababu imeendelea kutengenezwa hadi leo. Ushahidi huu unafanya kazi upande mmoja tu, kama mlango wa kusukuma.

Kinachoweza kusema zaidi ni alama ya maji. Karatasi za siku zake zilikuwa na picha zilizofumwa kwenye waya: kichwa cha mchekeshaji mwenye kofia ya kengele, nembo ya Amsterdam, yungiyungi la Strasbourg. Mtafiti Erik Hinterding alizipanga alama hizo kwenye chapa za Rembrandt na kuonyesha zipi zilichapwa lini. Kwenye namba 15 nilipata nusu ya herufi mbili za Kirumi zilizokatwa ukingoni. Hazifanani na chochote katika picha nilizolinganisha.

Basi nikarudi kwenye mistari. Kivuli cha kofia, ambacho kwenye chapa za mapema ni wavu ulio wazi unaoweza kuhesabu nyuzi zake, hapa kimekuwa kijivu kilichojaa. Shavu la Saskia limebaki na mistari michache iliyokatika, kama sauti ya mtu aliyetoka kwenye homa. Lakini mikwaruzo midogo ya bahati mbaya kwenye nafasi tupu ipo, ile ile ya chapa za makumbusho. Anayenakili kwa mkono hunakili picha, hanakili ajali. Na uzito wa wino unatofautiana kina kwa kina, jambo ambalo zile tano za kamera hazikuwa nalo. Dhana yangu: bamba lake, limechoka, chapa ya mwisho wa karne ya 18 au ya 19. Namba 2 vivyo hivyo, ila yenyewe imefanyiwa marekebisho waziwazi gizani mwa mlango.

Hizi mbili ziligusana na shaba aliyoishika. Sijui kwa nini hilo linanigusa, na halitaingia kwenye safu yoyote.

Jioni ya 12 hadi 15

Namba 17, ile yenye wino wa kahawa. Mzee amekaa, kichwa kimeinama, kitabu magotini, kivuli kimewekwa kwa brashi kwa mapigo matatu tu. Si chapa. Ni mchoro wa kalamu. Na ni mzuri, mzuri kwa namna inayokufanya upumue polepole.

Michoro ya kalamu ya Rembrandt ni uwanja wa ugomvi. Otto Benesch aliiorodhesha katika juzuu sita kati ya 1954 na 1957, michoro kwa mamia mengi, na wataalamu wa baadaye wameondoa sehemu kubwa na kuwapa wanafunzi wake: Ferdinand Bol, Govert Flinck na wengineo. Wanafunzi wale walifundishwa kuchora kama yeye, kwa hiyo walichora kama yeye. Nilitumia jioni nne. Nilisoma kuhusu kalamu za mwanzi, nikalinganisha mikunjo ya mikono, nikaanza hata kuandika aya kuhusu "mkono wa miaka ya 1650".

Jioni ya nne nikakumbuka tochi ya mwanga wa urujuanimno, ambayo ilipaswa kuwa ya kwanza kutumika. Nilizima taa. Karatasi iliwaka buluu-nyeupe kama shati lililofuliwa kwa sabuni mpya. Dawa za kung'arisha karatasi zilizoleta mwako huo zilienea kiwandani kuanzia kama miaka ya 1950.

Nilimpigia.

"Mwalimu, namba 17, yule mzee na kitabu. Uliipata wapi?"

Kimya kidogo. "Ina kivuli cha mapigo matatu?"

"Ndiyo."

"Hiyo nimeichora mimi, mwanangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilikuwa najifunza kuacha."

"Kuacha nini?"

"Kuacha. Kujua wapi brashi isiguse tena."

Aliuliza ilikuwa imefika umbali gani kabla sijagundua. Nilimwambia miaka ya 1650. Alicheka hadi akakohoa, akaniomba nimsomee aya niliyoiandika, na mimi nikamsomea.

Jioni ya 17

Zimebaki nne. Tatu ni nakala za mkono, na moja inajitangaza yenyewe: picha iko kinyume. Anayenakili kwa kutazama chapa na kuchora moja kwa moja kwenye bamba, mtambo unamgeuzia kazi, kushoto kunakuwa kulia. Ila mtu asikimbilie kusema kila kilicho kinyume ni nakala. Kwenye picha aliyomchora rafiki yake Jan Six mwaka 1647, tarakimu 6 na 4 za mwaka alioandika Rembrandt mwenyewe zilitoka kinyume mwanzoni, kwa sababu mchoraji wa bamba lazima aandike kama kwenye kioo na hata yeye aliteleza. Mbili nyingine ziko upande sahihi, lakini mikwaruzo ya ajali haipo, na mistari ni ya uangalifu mno, ya mtu anayeogopa kukosea. Karatasi yake ni ya zamani, ya karne ya 18 kwa dhana yangu. Zina wanunuzi wake.

Namba 20 ni mandhari: mto, ng'ombe wawili, jahazi, mti uliopinda. Jina la Rembrandt limo kwenye kona. Nimepitia katalogi kwa siku tatu na haimo. Gersaint alikuwa wa kwanza kuorodhesha chapa zake, mwaka 1751. Bartsch akafuata mwaka 1797 na kazi 375, nyingi zikaondolewa baadaye. Mandhari hii haimo miongoni mwa zilizobaki wala zilizoondolewa.

Imenikumbusha kisa cha Benjamin Wilson, mchoraji wa London katikati ya karne ya 18. Mwenzake Thomas Hudson alijisifu kwamba hakuna anayeweza kumdanganya kuhusu Rembrandt. Wilson akachora bamba kwa namna ya Rembrandt, akaifikisha chapa yake kwa Hudson kwa njia ya mzunguko, Hudson akainunua na kuisifia, na Wilson akaalika wasanii chakula cha usiku ili kutangaza. Leo chapa hiyo ya Wilson inatafutwa na wakusanyaji, kwa sababu ya kisa chake. Namba 20 haina kisa. Ina mistari mizuri, karatasi yenye minyororo, na ng'ombe mmoja mwenye miguu mitano ukihesabu vizuri. Nimeiandika: "kwa namna ya; mchoraji hajulikani."

Jioni ya 19: safu iliyofichwa

Kabla ya kuifunua nilijaribu njia ya mkato. Kampuni moja ya kukadiria kwa mtandao inaahidi cheti ukituma picha. Nilituma namba 4, mbele tu. Cheti kilikuja baada ya dakika 20, chenye bei nono, bila mtu kuniuliza vipimo wala kilichopo nyuma. Ningetaka kudanganya mnunuzi, kazi ilikuwa imekwisha.

Njia ndefu ni hii. Tafuta matokeo ya minada, bei iliyolipwa, usitumie bei anayoitaka muuzaji. Hakikisha ni picha ile ile, ngazi ile ile, hali inayokaribiana. Angalia kama bei inajumuisha ada ya mnunuzi, kwa sababu mwenye mali haioni ada hiyo. Kisha jiulize thamani ya nini: ya bima ni ya juu kwa kuwa inahesabu kununua nyingine dukani; ya mnada ni ya kati; ya kumwuzia mfanyabiashara leo mchana ni ya chini kabisa. Watoto wa Mwalimu wakipewa namba moja bila kuambiwa ni ipi kati ya hizi, watagombana kwa haki.

Umbali kati ya ngazi unatisha. Mwaka 2018 chapa ya mapema ya *Kristo Akionyeshwa kwa Watu*, ya 1655, iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 2. Chapa nzuri ya uhai wake ya picha maarufu hufika makumi ya maelfu ya dola bila shida. Chapa ya bamba lililochoka ni mamia hadi maelfu machache, kutegemea picha, pambizo na hali. Za Amand-Durand kwa kawaida ni mamia. Nakala za mkono za zamani huanzia makumi.

Pambizo pia ni pesa. Namba 15 imekatwa hadi ukingo wa bamba. Namba 2 ina pambizo pana lakini imeungua na jua umbo la dirisha la fremu, kahawia katikati, nyeupe pembeni, na hiyo haifichiki. Mchubuko wangu wa namba 11 umeipunguzia bei, nimepunguza na kuandika sababu.

Jioni ya 21

Nilimrudishia bahasha. Kurasa nne, karatasi moja baada ya nyingine, kila dhana ikiwa na sababu yake na kiwango cha uhakika: uhakika, inaelekea, sidhani. Namba 2, 15 na 20 nimependekeza zionwe na mtaalamu wa chapa kwa macho, karatasi mkononi, kwa sababu lenzi yangu imefika mwisho wake.

Alisoma zote bila kusema. Alipofika namba 17 akasimama.

"Hapa kwenye thamani hujaandika kitu."

"Sikujua niandike nini, Mwalimu."

Aliomba kalamu. Nilidhani ataandika bei. Aliichomoa namba 17 kutoka kwenye bahasha, akaigeuza, na nyuma, chini kabisa kwenye kona, akaandika jina lake na mwaka aliouchora, ili atakayekuja na lenzi baada ya watoto wake asipoteze jioni nne.